Bendera ya Mama Kalisti

Bertilla haamini chombo ambacho hajakifuta kwa mkono wake. Ndiyo maana kila siku, jua likiwa bado linajivuta nyuma ya milima ya Mbizi, utamkuta nyuma ya zahanati, amejifunga khanga kiunoni, amevaa sweta la marehemu mumewe, amepanda kigoda anafuta kisanduku cheupe kilichofungwa kwenye mlingoti. Anafuta paneli ya sola. Anatoa utando wa buibui kwenye tundu linalovuta hewa. Halafu anashuka, anavaa miwani ambayo mguu wake mmoja umefungwa kwa uzi, anasoma namba mbili kwenye kioo na kuziandika kwenye daftari, pamoja na upande upepo unakotoka. Akimaliza hayo ndipo anapandisha bendera, na mchana huzisoma tena na kuibadilisha ikibidi.

Bendera zenyewe ni vipande vitatu vya kitambaa alivyoshona mwenyewe. Kijani ni hewa njema. Njano, wazee na wenye pumu wajiangalie. Nyekundu, funga madirisha, mtoto mgonjwa abaki ndani. Watu wa mtaa huu, ulio pembeni mwa Kasense pale ambapo mahindi yanaanza kuwa mengi kuliko nyumba, siku hizi hawaulizani habari za hewa. Wanainua macho tu. Mwalimu wa zamu akiona nyekundu anafuta mchakamchaka wa asubuhi, na wanafunzi wavivu, ambao hakuna shule isiyo nao, humwombea Bertilla maisha marefu. Daktari wa zahanati naye, kabla hajaagiza dawa za kifua, huomba kwanza kuliona daftari.

Vijana humwita Mama Bendera akiwa hayupo. Akiwapo wanamwita Mama Kalisti, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na wanatoa mikono mifukoni kumwamkia. Ana miaka hamsini na sita. Elimu yake ni darasa la saba, na kazi yake rasmi pale zahanati ni usafi: kufagia, kupiga deki, kuchemsha maji. Hewa aliidandia tu.

Ilikuwa hivi. Watu wa mradi wa kupima hewa walipoleta kile kisanduku, miaka minne iliyopita, walitaka kitunzwe na msomi. Wakapewa kijana wa kidato cha nne, akakitunza miezi miwili, kisha akaenda Tunduma kutafuta maisha na ufunguo wa uzio akaenda nao. Akaja wa pili, huyo akawa anaandika namba za wiki nzima siku ya Jumatatu, kwa kukisia. Siku moja Hasna, mtaalamu wa mradi, binti wa wenye duka la vitenge kule sokoni mjini, alikuja kukagua na kukuta daftari limejaa uongo. Alipokuwa anaondoka kwa hasira, Bertilla alimfuata na rundo la makaratasi. Zilikuwa kadi za kliniki zilizoharibika, na nyuma ya kila kadi kulikuwa na tarehe, saa na namba mbili, kwa mwandiko wa kalamu ya risasi uliosimama wima.

"Nani alikutuma kuandika hizi, mama?" Hasna aliuliza.

"Hakuna. Nilikuwa nafagia, nikaona zinabadilika. Nikataka kujua zinabadilika kwa nini."

Hasna alikaa chini kwenye ngazi za zahanati akazisoma zote. Tangu siku hiyo daftari ni la Bertilla.

Alimfundisha mambo mawili. La kwanza, namba ya juu ni vumbi nene, lile la barabarani na mashambani, na ya chini ni vumbi laini, ambalo hasa huletwa na moshi, nalo hushuka mpaka ndani kabisa ya kifua na kukaa huko; moshi ukija, namba zote mbili hupanda pamoja. Yoyote kati ya hizo mbili ikivuka mstari wa hatari, bendera ni nyekundu. La pili, ardhi iliyo chini ya mlingoti isiachwe ikatimka vumbi, maana chombo kitapima miguu ya watu badala ya hewa ya mtaa.

Hilo la pili Bertilla alilibeba kama amri ya kanisani. Hasna alipoondoka tu, alichukua jembe akasawazisha ile ardhi, akaipiga kwa mti, kisha akachota samadi mbichi na udongo wa kichuguu akasiliba eneo zima ndani ya uzio, hatua kumi na tano kwa kumi na tano. Alirudia siku tatu. Ulipokauka, uwanja ule ulikuwa laini na mgumu, huoni ufa wala punje ya mchanga. Hasna alipokuja mwezi uliofuata alivua viatu kabla ya kuukanyaga.

Sasa, mtu yeyote wa Ufipa akiuona uwanja wa namna ile anajua ni wa kazi gani, hata kama katikati yake umesimama mlingoti.

Mwaka jana ulezi ulikubali kuliko miaka mingi. Mwezi wa nane ulipoanza, Luciana, jirani wa Bertilla na mwenzake wa jumuiya, alikuja kuomba apurie pale mzigo wake mmoja, kwa sababu uwanja wa kwao ulikuwa umepasuka na nusu ya ulezi ulipotelea kwenye nyufa. Bertilla hakuona ubaya. Uwanja si wake, na hata ungekuwa wake, mwanamke gani anamnyima jirani mahali pa kupuria? Baada ya Luciana akaja mwingine, na mwingine. Wakaanza kualikana kama ilivyo desturi, leo kwako kesho kwangu, mwenye ulezi analeta togwa na wenzake wanaleta fimbo. Bertilla mwenyewe alipura pale magunia yake mawili, na akaimbisha wimbo. Walikuwa wakimaliza wanafagia vizuri, hawaachi hata kapi, maana walijua mwenyewe ni mkali.

Na bendera ikawa nyekundu. Siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima, wiki mbili. Jumapili ilirudi kijani, Jumatatu nyekundu tena.

Luciana ana binti wa miaka saba, Silvana, mwenye pumu tangu akiwa ananyonya. Kwake bendera si mapambo. Siku za nyekundu hizo, Luciana aliona heri amlete mtoto karibu na zahanati ashinde pale, ili kifua kikibana dawa iwe hatua chache. Akawa anamkalisha kwenye mkeka pembeni ya uzio, amefunikwa kitenge, na yeye Luciana anaendelea kupura. Silvana alikohoa mwezi ule kuliko alivyowahi kukohoa. Mara mbili ilibidi daktari amtoe mkekani mbiombio akampe dawa ya kuvuta, na mara ya pili midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Hapo watu wakaingiwa na hofu, na watu wenye hofu hutafuta wa kumshika. Hawakuhangaika sana. Upande wa mashariki wa mtaa, karibu na kijito, kuna tanuri la matofali la Polikarp, na wakati wa kiangazi upepo wa huku hutoka mashariki.

Polikarp ni mdogo wa marehemu mume wa Bertilla. Ni mtu mrefu, mkimya, mwenye mikono iliyopasuka kama udongo anaoufinyanga, na nusu ya nyumba za mtaa zimejengwa kwa matofali yake. Yeye mwenyewe anaishi kwenye nyumba ya tope ambayo ukuta wake wa nyuma umeegemezwa kwa magogo. Mwezi wa saba alikuwa amechoma tanuri la wateja, na moshi wake kila mtu aliuona. Tangu hapo alikuwa anafyatua na kupanga tanuri jingine, matofali elfu kumi na nane, na haya kwa mara ya kwanza katika maisha yake yalikuwa ya nyumba yake mwenyewe. Yalikuwa yamekwisha kupangwa. Bado kuwasha tu, lakini watu waliokumbuka moshi wa mwezi wa saba hawakujali kama ameshawasha au la.

Kati yake na Bertilla kulikuwa na shamba. Matanga ya marehemu yalipomalizika, Polikarp alilichukua shamba la kijitoni kwa madai kwamba lilikuwa la baba yao, na kwa miaka sita walikuwa hawajasalimiana. Wakikutana njiani, mmoja alikuwa akikumbuka ghafla kwamba ana haja upande mwingine. Mtaa mzima ulijua.

Mkutano wa mtaa ulifanyika kwenye darasa la shule. Mwenyekiti alimwita Bertilla asimame.

"Mama Kalisti, wewe ndiye mwenye chombo. Wiki mbili ni nyekundu tupu. Tuambie, uchafu huu unatoka wapi?"

"Mimi nasoma namba tu, mwenyekiti," Bertilla alisema. Angeishia hapo ingekuwa salama. Lakini alimwona Polikarp amekaa dawati la nyuma, magoti yamefika kifuani, na ulimi ukamtoka. "Ila macho tunayo. Upepo unatoka mashariki, na mashariki kuna tanuri. Huko kwingine hakuna linalowaka."

Polikarp alisimama taratibu. "Shemeji yangu hanipendi tangu siku nyingi. Sasa amepata mashine ya kumsemea."

Watu walicheka, na kicheko kile kilimchoma Bertilla.

"Mashine haina shamba, Polikarp," alimjibu. "Mashine haigombani na mtu."

Lisemwalo lipo, walisema watu, na kama halipo laja. Ikaamuliwa Polikarp asiwashe tanuri mpaka mkutano mwingine, baada ya wiki tatu, na kama hewa itaonekana kutulia, basi tanuri livunjwe na lihamie mbali. Polikarp aliuliza kitu kimoja tu: mvua ikiyakuta matofali yake mabichi, nani atamfyatulia mengine? Mwenyekiti akafunga kikao. Bertilla alirudi nyumbani akala vizuri. Ukweli usemwe, ndani ya moyo wake kulikuwa na kona iliyofurahi.

Furaha hiyo haikudumu. Siku zilipita, tanuri likiwa halijawashwa, na bendera ikaendelea kuwa nyekundu. Watu walisema Polikarp anachoma kwa siri. Walipoambiwa mbona Jumapili inakuwa kijani, walisema Jumapili anakuwa kanisani. Bertilla naye alisema hivyo siku mbili tatu, kisha akaanza kuona kwamba maneno yale hayakai sawa. Tanuri linalochomwa kwa siri? Labda kwa kipofu. Siku ya tisa baada ya mkutano, saa nane mchana, alivua aproni ya kazi akaenda mashariki kwa miguu yake, njia ambayo hakuikanyaga kwa miaka sita.

Alimkuta Polikarp juu ya ngazi anatandika nyasi juu ya tanuri. Siku mbili kabla, kimanyunyu kisichokuwa cha msimu kilikuwa kimepita, na mstari wa juu wa matofali ulikuwa umelainika, pembe zimeshuka.

"Umekuja kukagua," Polikarp alisema bila kushuka. "Gusa basi."

Bertilla aliinama kwenye mdomo wa tanuri, pale panapoingizwa magogo, akaingiza mkono. Palikuwa na baridi kama ndani ya mtungi. Kitu kikamdonoa. Akachungulia, akaona kuku mweusi amejitandaza, ameatamia, macho makali.

"Amekaa humo tangu wiki ile ya mkutano," Polikarp alisema. "Atatotoa kabla hamjaniruhusu kuwasha. Na mvua ikinikuta hivi, mwaka mzima nitakuwa nimefyatua tope."

Hakusema kwa ukali. Bertilla angependa aseme kwa ukali. Aliutoa mkono, akaupangusa kwenye khanga, akaondoka bila kuaga, kwa sababu aibu ilikuwa imeanza kumpanda na hakutaka ionekane.

Aliporudi alikaa kwenye ngazi za nyuma za zahanati na daftari lake. Alichukua rula akaiweka kwenye kurasa za mwezi wa saba, siku zile ambazo tanuri la wateja lilikuwa linawaka kweli. Vumbi nene mia na hamsini, laini tisini. Mia na sitini, laini tisini na tano. Namba mbili zimepanda pamoja, kama Hasna alivyosema moshi unavyofanya. Akafungua mwezi wa nane, akaingia wa tisa. Nene mia na tisini, laini kumi na nne. Nene mia mbili na kumi, laini kumi na sita. Nene mia mbili, laini kumi na mbili. Ukurasa baada ya ukurasa, ile ya juu imeruka na ile ya chini imelala. Zote alikuwa ameziandika yeye, kwa mwandiko wake uliosimama wima. Alikuwa akiitazama ile inayovuka mstari, anapandisha nyekundu, anaenda zake kufagia.

Kama si moshi, ni nini basi? Alikaa anafikiri, na masikioni mwake mlikuwa na sauti ambayo ilikuwapo muda wote huo bila yeye kuisikia. Pu, pu, pu. Fimbo za wanawake, zikishuka kwa zamu.

Aliinua kichwa. Hatua ishirini tu kutoka alipokaa, wanawake wanane walikuwa wanapura ulezi wa Luciana. Mmoja alikuwa amesimama na ungo, anapepeta, na makapi yalikuwa yanapanda kama wingu la kahawia mpaka kwenye kisanduku cheupe na kukizunguka. Pembeni kwenye mkeka, Silvana alikuwa amejifunika kitenge mpaka puani, anakohoa.

Karibu mwezi mzima walikuwa wamelimeza vumbi lile na hakuna aliyeliona. Wasingeliona pia, maana kwa Mfipa vumbi la ulezi si uchafu. Ni dalili ya kushiba. Unalipangusa usoni unacheka, na mtoto ukimkuta amepaukia nalo unasema mwaka huu tutakula.

Bertilla aliwaendea. Alimwinua Silvana kwanza, akamwingiza zahanati, akafunga dirisha. Kisha aliwaambia wanawake waache kupura. Walipomuuliza kwa nini, alisema atawaambia mkutanoni, na uso wake haukuruhusu swali la pili.

Alimpigia Hasna simu, akamsomea namba.

"Hilo ni vumbi kavu, mama, si moshi," Hasna alisema. "Hapo karibu kuna nini? Wanachimba barabara?"

"Wanapura ulezi."

"Karibu na kituo?"

"Chini ya mlingoti, mwanangu. Na mimi nimepura magunia mawili."

Hasna alimwambia asijali, makosa ya namna hiyo hutokea hata kwa wenye digrii, yeye angeyaeleza kwenye ripoti, wanawake wahamishe kazi yao, na mambo yataisha kimyakimya. Hakukuwa na haja ya mkutano.

"Nilimsema mtu mbele ya watu," Bertilla alimjibu. "Siwezi kumsafisha kwa simu."

Usidhani ilikuwa rahisi. Siku zilizobaki kabla ya mkutano alizipitisha vibaya. Hakuna mwingine katika mtaa ule aliyejua kusoma namba zote mbili. Angenyamaza, kupura kungeisha kwenyewe kwa kuwa ulezi ulikuwa unakwisha, bendera ingerudi kijani, na watu wote wangesema mnaona, tanuri limezuiwa, hewa imetulia. Wangelivunja. Polikarp angelipia lile shamba bila Bertilla kuinua hata kidole. Wazo hilo lilimjia mara nyingi, na kila mara alilifukuza kama mbuzi aliyeingia kwenye mboga, na kila mara lilirudi. Na kulikuwa na hofu nyingine: wakijua amekosea, watasema daftari wamelikabidhi kwa mfagiaji, wamtafute msomi. Daftari lile analipenda. Kwa mara ya kwanza tangu darasa la saba mtu alikuwa amempa kalamu na kumwamini.

Siku ya mkutano alifika mapema. Mwenyekiti alipofungua kikao, Bertilla alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Nilisimama hapa wiki tatu zilizopita nikasema ni tanuri," alisema. "Sio tanuri. Ni ulezi wetu tunaoupura chini ya chombo. Mashine ilisema namba mbili, mimi nikaifuata moja. Na nilikuwa tayari kuamini kabla sijasoma, kwa sababu mtu mwenyewe nina ugomvi naye. Polikarp alisema kweli, na mimi nimemkosea. Nimesema."

Alifungua daftari akaeleza, mstari kwa mstari, mpaka mzee wa nyuma kabisa akaelewa. Kisha mtu mmoja akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," na darasa zima likaangua kicheko. Luciana peke yake hakucheka.

"Yaani ulezi nao ni uchafu?" aliuliza. "Ulezi ni chakula, Mama Kalisti."

"Tumboni ni chakula. Kifuani si chakula. Mtoto wako tumemweka pale sisi wenyewe, tukidhani tunamsogeza kwenye dawa."

Luciana alifunika uso kwa khanga akalia, na Bertilla alikwenda kukaa naye. Akiwa pale pale, ameshika mkono wa mwenzake, aliuambia mkutano kwamba kama wanaona daftari apewe mtu mwingine, yeye ataliacha bila kinyongo. Mwenyekiti aliuliza nani anataka. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akauliza tena, akawatazama vijana wenye vyeti mmoja mmoja, nao wakatazama madawati. Basi, mwenyekiti akasema, mama, endelea.

Zuio la tanuri liliondolewa. Watu waligeuka kumtazama Polikarp, wakingoja aseme amesamehe, kama inavyotakiwa. Polikarp alisimama, akavaa kofia yake, akatoka.

Kesho yake asubuhi Bertilla alichukua jembe akauvunja ule uwanja wake mzuri, wote, hatua kumi na tano kwa kumi na tano. Alipanda ukoka, na kila jioni anaumwagilia maji ya kudekia. Wanawake walihamia kwenye uwanja wa chini, nyuma ya kanisa, ambako upepo unapeleka makapi bondeni. Bendera ilikaa kijani siku sita mfululizo. Silvana alirudi darasani, ingawa bado anatembea na dawa yake mfukoni, kwa sababu pumu haiondoki kwa mkutano.

Siku ya kumi, Bertilla akiwa juu ya kigoda anafuta paneli, alisikia hodi nyuma yake. Alikuwa Polikarp, kofia mkononi. Upande wa Mbizi mawingu yalikuwa yameanza kukaa.

"Shemeji," alisema.

Bertilla alishuka. Kwa neno hilo hakuwa amemwita tangu msiba, ukiacha lile la kejeli mkutanoni. Kuhusu shamba hakuna aliyesema kitu, wala siku hiyo wala baadaye.

"Nataka kuwasha," Polikarp aliendelea. "Litawaka siku nne. Nimekuja kuuliza siku gani moshi hautaingia kwa watu."

Bertilla alivaa miwani, akafungua madaftari ya miaka miwili iliyotangulia, akafuata kwa kidole safu anayoandikia upepo. Alichukua muda wake. Aliuliza kama kuni zake ni kavu, naye akasema nusu ni kavu, nusu bado mbichi.

"Zile mbichi zianike, usizitie. Kuni mbichi ndizo zinazotoa moshi mbaya. Ngoja mpaka Alhamisi. Miaka yote miwili, wiki kama hii upepo ulitulia na kugeuka kuelekea kijitoni, mbali na nyumba. Nitamwambia Luciana ampeleke Silvana kijijini Kate kwa bibi yake, arudi ukishazima." Alifunga daftari. "Lakini siwezi kukuahidi, shemeji. Upepo si wangu. Na ikifika nyekundu, nitapandisha nyekundu. Sitakuficha."

Polikarp aliutazama mlingoti, akakitazama kile kisanduku kwa muda, kisha akavaa kofia.

"Ipandishe," alisema. "Safari hii nitajua ni yangu."